Shali ya Kuficha Shingo

Ndani ya gari la kwenda machimbo ya mawe, Dhapu mjane alimtazama mwanamume wa rika lake aliyejifunga shali shingoni kwenye joto lile la Jodhpur, India.

"Kaka, mafua gani hayo yanayopandisha mabega?"

"Yangu, dada. Yanakuhusu?"

"Mume wangu alipumua hivyohivyo, mikono magotini, shingo na mbavu zikivuta kama anapandisha ndoo kisimani, mpaka vumbi la mawe likamuua. Rudi nyumbani."

"Nikale nini, ukuta? Msimamizi akiona shingo inavuta, hanipi kazi."

Gari likasimama machimboni. Mwanamume akashuka, akaikaza shali. "Shingo inaonekana?"

Kuvuta kulionekana mpaka tumboni. Dhapu, ambaye nyumba yake haijasikia pumzi ya mwingine miaka minne tangu mumewe afe, akasogea kitini kumpa nafasi.

"Rudi ukae kwanza, kaka."