Bwana Vipimo na Mlango wa Kanisa

Ndugu na majirani, sogeeni karibu. Habari kama hii husomwa kwa uso wa huzuni, lakini marehemu alituonya mapema: atakayenuna siku yake atakuwa amemkosea.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, kitinda mimba wa fundi matofali na muuza mboga. Mama yake alifariki asubuhi ya Krismasi, yeye akiwa na miaka tisa, na mtoto akaapa kwamba hataingia tena kanisani. Kila Jumapili aliwasindikiza dada zake hadi barabarani, akawangoja ng'ambo.

Alisoma hadi darasa la saba. Hesabu alizimudu, mengineyo, tuseme ukweli, alikuwa wa kusukumwa. Mwaka 1967 aliingia karakana ya useremala ya mjomba wake, na huko akapata jina la Bwana Vipimo. Hakukata ubao kabla ya kuupima mara tatu. Hata akialikwa ugenini, alikipima kitanda kabla ya kukilalia.

Desemba 1978 mchungaji alimwomba atengeneze banda la Noeli, lenye hori, ng'ombe wa mbao na nafasi ya watoto kuigiza. Alikubali, ila kuingia ndani, hapana. Tarehe 24, saa tisa alasiri, wanaume wanane walilibeba hadi mlangoni, likagoma. Alikuwa amepima kila kitu, hata pembe za ng'ombe. Mlango wa kanisa tu ndio hakuupima, kwa sababu hakuwa ameukaribia tangu utotoni.

"Kweli mganga hajigangi!" mwanakwaya mmoja akasema, akicheka huku ameshika mbavu.

"Leteni msumeno," akaagiza mzee wa kanisa.

Marehemu akaikumbatia nguzo ya banda. "Mkilikata hili, anzeni na mimi."

Mchungaji akatazama banda, akatazama mlango. "Basi, kama Noeli haiingii, sisi tutatoka. Bebeni viti!"

Jamani, ibada ile! Wafagiaji wa barabara walisimama na mafagio yao. Wauguzi waliotoka zamu walikuja na sare zao. Watu ambao walikuwa hawajawahi kukanyaga kanisani walijikuta wako katikati ya ibada. Marehemu naye alisimama nje kama kawaida yake, ila siku hiyo nje ndiko kulikokuwa na kanisa. Ulipoimbwa wimbo alioupenda mama yake, alilia mbele za watu wote, kisha akaimba. Miaka kumi na minane alikuwa amemkasirikia Mungu, na Mungu akamfuata hadi barabarani! Tangu hapo, kila mwaka, Noeli yetu imekuwa ya nje, na banda ni lile lile. Kuteleza si kuanguka.

Tarehe 2 Agosti 1980 alifunga ndoa na yule mwanakwaya, ambaye hakuacha kumcheka hata siku moja. Walijaliwa watoto wanne.

Februari 2023 daktari alikuta vumbi la mbao limemharibia mapafu, akamkataza karakana. Alitii, isipokuwa kwa kazi moja: jeneza lake mwenyewe.

"Mume wangu, mbona mishikio imetokeza hivi? Safari hii umepima mlango?"

"Nimeupima, mama watoto. Mara tatu."

Alifariki nyumbani tarehe 19 Desemba 2023, saa mbili asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Yanayofuata hayamo katika karatasi mlizoshika. Yameongezwa kwa kalamu saa moja iliyopita. Leo asubuhi wanawe walilibeba jeneza hadi mlango wa kanisa. Limegoma! Mishikio imezidi kwa inchi mbili. Wazee wakahangaika, ila mjane alicheka hadi akakaa kwenye ngazi, na ndipo sote tukaelewa. Bwana Vipimo hakukosea. Ndiyo maana tuko hapa nje, kando ya banda lililokwisha simamishwa kwa ajili ya Noeli ya kesho.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja, kitukuu mmoja, na mafundi saba aliowafunza kazi. Nawe mpita njia uliyesimama ng'ambo ya barabara ukisita, vuka, karibu. Nafasi hii aliipima kwa ajili yako.

Lala kwa amani, fundi wetu. Umetimiza kipimo.