Lavonne Bohlken, Aliyesogea Karibu

Marehemu shangazi yangu, Lavonne Tietjen Bohlken, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, shambani maili sita kaskazini mwa mji wetu wa Wexler, Nebraska, katika dhoruba ya theluji iliyoua ng'ombe kumi na tisa. Baba yake alikwenda kuwatazama ng'ombe kwanza.

Alisoma Wexler hadi 1969, akaingia chuo kikuu Lincoln, akatoka baada ya mihula miwili. Alisema huko watu hawapigani, wanajadiliana tu.

Mwaka 1973 aliajiriwa kuwa mpiga picha wa gazeti letu la kila wiki, akakaa miaka arobaini na tano. Picha za migongo ya watu alizichana. Za wakubwa wakipeana mikono aliziita dawa ya usingizi. Alitaka uso, na alisogea mpaka anuse pumzi ya mtu. Wala hakuondoka bila jina kamili, umri na majina ya wazazi. Februari 1981, kwenye mechi ya mpira wa kikapu, akina baba wawili walitwangana, na kiwiko cha Dwight Ostergren kikamng'oa shangazi meno mawili. Akatema damu, akatoa daftari.

"Jina kamili?"

"Lavonne, tulibatizwa siku moja."

"Jina kamili, Dwight. Na usiondoke, hujamalizana na mwenzako."

Alifunga ndoa na Orval Bohlken, dalali wa mnada wa nguruwe, tarehe 4 Juni 1977. Walijuana ghala la Orval lilipokuwa linaungua. "Dada, shika ndoo," Orval alimwambia. Akajibiwa, "Sogea kushoto, moshi unakuficha uso."

Jioni ya tarehe 13 Agosti 1994, kwenye maonyesho ya kilimo ya wilaya, askari Curtis Rademaker alimpiga Rafael Quintero, mfanyakazi wa kiwanda cha nyama, kwa tochi ya chuma mpaka pua ikalalia shavu. Alidai Rafael ndiye aliyeanza. Shtaka la kumshambulia askari lilikuwa la miaka mitano jela, na mke wa Rafael alikuwa na mimba ya miezi sita. Shangazi, hatua mbili tu kutoka hapo, alipiga picha moja: tochi iko hewani, mikono ya Rafael iko mgongoni, ndani ya pingu.

"Jina kamili?" akauliza.

Mtu wa Wexler akiulizwa hivyo, hujibu. "Curtis Rademaker, thelathini na moja, mtoto wa Norbert na Elfrieda."

"Mama bado anakata picha zako gazetini?"

"Anazo zote, kwenye albamu."

Wakati huo filamu ilikuwa inatoka kwenye kamera na kuingia ndani ya buti mguuni mwa shangazi. Curtis alipozinduka, aliivunja kamera juu ya mkono wa shangazi, na mkono nao ukavunjika.

"Tutapigwa risasi," alisema mhariri, Merle Haase.

"Basi nitapata picha ya pili."

Alhamisi picha ilitoka ukurasa wa kwanza, pamoja na majina ya wazazi. Ijumaa madirisha ya ofisi yalipigwa risasi. Jumamosi Bi Elfrieda alimfukuza mwanawe kwa kikaango mpaka mlangoni pa kituo cha polisi. Septemba mashtaka dhidi ya Rafael yalifutwa.

Tarehe 8 mwezi huu wa Agosti 2018, kwenye maonyesho yale yale, fahali alivunja uzio na kumkanyaga shangazi kifua. Daktari alimwuliza kwa nini hakukimbia. "Alikuwa hajageuza uso," akasema. Alifariki hospitalini tarehe 11, akiwa na miaka sitini na saba. Picha aliyoipata ya fahali huyo ni kali; unaona mpaka nzi.

Ameacha mume, Orval, binti, Janelle, kaka, Harlan, na wajukuu watatu. Hapa mazishini Rafael yuko mstari wa pili, na Curtis yuko nyuma kabisa. Tunaomba wasipangwe meza moja wakati wa chakula. Huyo dada anayetupiga picha ni Marisol Quintero, aliyezaliwa Novemba ile, baba yake akiwa nyumbani. Amefundishwa na marehemu, kwa hiyo akiwasogelea mpaka puani, msimsukume.

Mungu ampumzishe Lavonne, kama atakubali kukaa chini.