Mwalimu Ikupa Mbonile na Uzi Ulio Ndani Yetu

Ndugu waombolezaji, tunayemsindikiza leo ni Mwalimu Ikupa, binti wa mzee Yesaya Mbonile, aliyezaliwa tarehe 9 Juni 1980 katika milima ya Ileje, akasoma hukohuko, akasomea ualimu wa baiolojia Mbeya, na tangu mwaka 2003 akafundisha hapa Tunduma, ambako wanafunzi walimtania kwamba akianza habari za seli hata kengele haisikii.

Tarehe 16 Septemba 2006 alifunga ndoa na Gwakisa, dereva wa malori ya Zambia, na tarehe 2 Februari 2009 wakajaliwa Tumpe, mtoto wao pekee, mwenye nyusi zilizoungana, aliyechelewa kutembea na kusema, ndipo maneno yakaanza, kwamba mkosi umetoka ukoo wa mama, hadi mama mkwe, Bibi Anyosisye, akaitisha kikao ili Ikupa na mwanawe warudishwe kwao.

Kikao kilikaa Mei 2013, madaktari wakiwa wameshamweleza Ikupa chanzo cha hali ya Tumpe, naye hakujitetea, aliomba kamba ya turubai na pete ya chuma, akaikunja kamba, akaichomeka kwenye pete na kuivuta, kitanzi kikakua mbele ya wazee, akasema ndivyo protini zenye umbo la pete zinavyofanya ndani ya seli, zikiukunja uzi wa DNA wa kama mita mbili ukae mahali pasipoonekana kwa macho, vitanzi kwa vitanzi, na seli inapogawanyika uzi hukazwa ukawa kromosomu. Kwa Tumpe, alieleza, protini inayouvisha uzi pete hizo ina upungufu, kosa lililozuka lenyewe, halikutoka kwa mama wala kwa baba. Wazee wakawa wanatazama viganja vyao, na Bibi Anyosisye akauliza kama hata kwake, na uzee ule, kazi hiyo bado inaendelea, akajibiwa kwamba inaendelea sasa hivi. Habari ya kumrudisha Ikupa iliishia hapo.

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na saratani, akatibiwa kwa uvumilivu mkubwa, akafariki alfajiri ya tarehe 11 Machi 2025, hofu yake ikiwa moja tu, Tumpe atakaa na nani, maana baba yake yuko safarini muda mwingi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, na majirani, hasa Mama Zuleha aliyempikia uji hadi mwisho.

Na jana, jeneza likiwa bado wazi, Bibi Anyosisye alimwinamia mkwewe, akamwambia mbele yetu sote kwamba Tumpe ni wake, atalala chumbani kwake, na atakayetamka neno mkosi asikanyage kwake. Basi pumzika kwa amani, Mwalimu Ikupa, mtoto ana kwao.