Ngwe ya Lucinda

Sogeeni karibu, wanangu, wewe Raimundo na wewe Josephu, na mama yenu Luisa asitoke, akae hapo hapo kwenye kigoda, maana pumzi niliyobakiwa nayo haitoshi kusema jambo mara mbili. Msinililie. Mimi Bernardino sijawahi kupenda watu wanaolia kabla ya kazi kwisha.

Mikorosho ya kule tulikohamishwa mwaka wa sabini na nne ni ya Josephu, yote. Raimundo, hupati hata mmoja. Nikikupa wewe, watu watauliza kwa nini mwenyekiti amemzawadia aliyemuua dada yake.

Mnajua nilivuka Ruvuma nikiwa kijana, nikakata mkonge kwa mzungu. Katekista alinifundisha kusoma, nikamsoma Musa akimwendea Farao, nikasimama katikati ya safu za mkonge nikawaambia wenzangu waweke mapanga chini. Siku tisa hatukukata jani. Nyapara alinipiga mpaka sikio hili likafa, lakini kazi ilipunguzwa, nami nikajiona mkubwa. Basi waliponipa uenyekiti wa kijiji hiki sikumsahau Musa, ila niligeuza kurasa. Nikamsoma Musa yule anayeketi kutwa akiamua mashauri ya watu, mpaka mkwewe Yethro akamwambia utachoka bure, weka wakuu wa watu kumi kumi, madogo wayaamue wao, wewe uletewe makubwa. Ushauri ule niliupenda kuliko sala. Kila nyumba kumi nikaziwekea mtu, za kwetu nikakupa wewe Raimundo, na kwenye shamba la pamoja kila mtu akapimiwa ngwe yake ya kulima kwa siku, asiyeimaliza hapati mgawo wa muhogo. Yethro alitaka watu wanaomcha Mungu. Mimi nilichagua wanaoniogopa mimi.

Sasa lile la dada yenu. Kijiji kizima kinasema Raimundo ndiye aliyemlazimisha Lucinda kulima ngwe yake na mimba ya miezi minane, jua la Januari, akaanguka kwenye matuta, yeye na mtoto wakafa kabla machela haijafika. Mama yenu ameamini hivyo. Mwaka wa tatu huu hajampakulia Raimundo chakula, anampita kama anapita kisiki, nami nilikuwa nakula huku nawatazama.

Raimundo alikuja kwangu asubuhi ile. Mama Raimundo, sikiliza vizuri. Alikuja, akapiga magoti, akasema baba, Lucinda hawezi, mwondolee ngwe leo. Nilikuwa na mgeni kutoka wilayani, nikaona aibu kuonekana nampendelea binti yangu. Nikamjibu, hilo ni dogo, usiniletee, na asipolima nitakuvua cheo. Kesho yake Shabani, mmoja wa walimaji wa shamba lile, aliwakusanya wenzake wakaketi kando ya shamba, wakakataa kugusa jembe mpaka aliyetoa amri atajwe. Nikamtaja mwanangu. Halafu Shabani nikamtia mikononi mwa askari, kwa kosa lile lile lililonipa heshima kwenye mkonge, na mpaka leo anachechemea. Akija kwenye maziko yangu msimpe koleo.

Sitaki msamaha, wala sitaki kusikia neno. Ninachotaka ni hiki: nizikwe karibu na kanisa, mbele ya watu wote, kama mwenyekiti. Haya niliyosema yasivuke mlango huu mpaka arobaini yangu ipite. Raimundo, umebeba miaka mitatu, siku hizo chache hazitakuvunja mgongo. Ni amri.

Haya, pigeni magoti niwabariki. Josephu, kichwa chako... kiko wapi, macho yanakataa. Mungu akupe mvua kwa wakati wake, akupe watoto wasiobishana nawe. Raimundo, njoo. Mkono umekuwa mzito, uinue mwenyewe ujiwekee kichwani. Mungu akupe... Mbona huji? Mama Raimundo, nipe maji, koo limekauka. Mama Raimundo. Nani amefungua mlango? Josephu, hiyo sauti ya mwiko jikoni ni ya nani? Anampakulia nani, na mimi nipo hapa nasema? Eti anasemaje? Karibu ule, mwanangu? Mwambie... mwambie bado sijamaliza. Mungu awape... Josephu, na wewe unakwenda wapi? Luisa. Luisa, rudi. Bado sijafa.