Kwato za Farasi wa Desderius

Asubuhi ile ukungu wa Kanazi ulikuwa bado haujainuka, na benchi la Felisita muuza kahawa, lile linaloegemea ukuta wa mashine ya kusaga, lilikuwa na watu wake wale wale. Projestus, aliyeitwa Redio kwa kuwa hanyamazi. Theonest, aliyeitwa Daktari kwa kuwa aliwahi kuuza dawa za mifugo. Na Desderius, ambaye tangu alete farasi kutoka mnadani Biharamulo walimwita Jemedari. Alikuwa farasi jike wa kahawia, wa pekee kata nzima. Alifika akichechemea, amepigiliwa viatu vya chuma vilivyolegea, na Desderius akamtafuta Manirakiza wa Kibimba, fundi wa kwato aliyejifunza kazi kwenye mashamba ya farasi huko Arusha. Manirakiza aling'oa viatu vyote vinne, akasema mnyama huyu atapona akitembea peku. Kila baada ya wiki sita alirudi na tupa na kisu chake, na kweli farasi akapona. Leo alikuwa amerudi mara ya tatu. Alikaa benchini ameshika kikombe, hanywi.

— Jemedari, unakwenda naye wapi? — aliuliza Manirakiza.

— Siendi naye popote. Anakula majani bondeni, nyuma ya migomba yangu.

— Bondeni ni tope. Tope halili ukwato. Leo tupa sikuigusa, maana nimekuta kwato zimelika zenyewe kwa mawe. Zimelika kama za mnyama anayebeba mtu mwendo mrefu.

Felisita alishusha birika.

— Kuna mtu anamwiba, — alisema Theonest. — Anamtumia kama bodaboda, halafu anamrudisha.

— Bodaboda ya farasi, na Kanazi nzima isione? — Projestus alisema. — Daktari, rudi shule.

Desderius hakutaka kusema. Alikuwa na jambo la tangu jana ambalo hata mkewe Theodosia hakumwambia. Lakini macho ya Manirakiza yalimng'ang'ania.

— Jana ile mvua ya saa tisa ilimkuta nje, — alisema taratibu. — Nilipotoka nilimkuta mlangoni, maji yanamchuruzika mpaka masikioni. Mgongoni palikuwa pakavu. Mahali pa kukaa mtu mmoja.

— Homa, — Theonest aliwahi. — Joto la mwili linakausha.

— Homa haina matako, Daktari, — alisema Projestus.

Hakuna aliyecheka, hata Projestus mwenyewe. Alivuta kahawa kidogo, akaendelea kwa sauti ya chini ambayo hawakuizoea kwake.

— Njia ile ya msituni ya kutoka Biharamulo, enzi za majambazi, wapo walioingia wasitoke. Hawajazikwa. Mtu kama huyo naye anatafuta usafiri wa kwenda kwao.

— Basi labda huyu si farasi, — Theonest alisema, maana hakupenda kushindwa. — Tangu ang'olewe vile vyuma, nani kati yenu amewahi kumsikia akija?

— Mimi juzi niliinama kuosha vikombe, — alisema Felisita. — Nikahisi pumzi shingoni. Sikusikia hatua hata moja.

— Hiyo ni kwa sababu yuko peku, — alisema Manirakiza. — Msimsingizie mnyama. Lakini kuna kitu nilitaka kumwonyesha mwenyewe, na afadhali niseme mbele yenu. Ukwato unaota kutoka juu kwenda chini, kama ukucha. Upana wa kidole kimoja ni miezi miwili hivi. Mnyama akipata mshtuko mkubwa, ukwato unaweka mstari. Huyu ana mstari mmoja, mzito, miguu yote minne. Uko vidole vitatu kutoka kwenye manyoya.

— Miezi sita, — alihesabu Projestus.

— Wewe ulimnunua lini, Jemedari? — aliuliza Manirakiza.

— Miezi mitano sasa.

— Kwa nani?

— Mtu tu wa mnadani. Alikuwa na haraka.

Desderius aliweka kikombe chini.

Ndipo alipotokea mwanamke kwenye ukungu, amejifunga kitenge, viatu vina tope la safari. Alipiga goti kidogo.

— Shikamooni.

— Marahaba, binti. Karibu kahawa, — alisema Felisita.

— Asante mama. Naitwa Priscila, natoka Biharamulo. Nimeambiwa mnadani kwamba kuna farasi aliletwa huku.

Kabla yeyote hajajibu, farasi alikuwa ameshafika, yuko hatua tatu nyuma yake. Priscila aligeuka.

— Gaju, — aliita, kwa sauti ile ya kuamshia mtoto.

Masikio ya farasi yalisimama. Alimsogelea Priscila, akageuka, akampa ubavu, akakaza miguu yote minne na kutulia kabisa, kama anavyotulia mnyama anayesubiri mtu ashuke.

Walisubiri. Hakushuka mtu. Farasi naye hakusogea.

Priscila alitazama juu ya ule mgongo mtupu kwa muda mrefu. Kisha aliwageukia, akawapitia mmoja mmoja kwa macho.

— Kaka yangu Kwizera ndiye aliyekuwa anampanda. Waliondoka nyumbani wote wawili, miezi sita iliyopita. Huyu yuko hapa. Kaka yangu yuko wapi?

Manirakiza alimtazama Desderius tu.

Desderius alisimama.

— Sijui yuko wapi, dada. Lakini hatamu niliyouziwa ilikuwa imeandikwa jina, — alisema. — Lilikuwa hilo hilo. Kwizera. Nililikwangua kwa kisu siku ile ile, nisije nikaulizwa.

Felisita aliinua birika ammiminie mgeni. Yalitoka machicha ya kahawa tu.