Chaki ya Gurudumu la Nne

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi mafundi mliofunga gereji zenu ili mje hapa leo, ahsanteni. Mimi ni mdogo wake marehemu, wa mwisho kwa mama yetu. Nimepewa kazi ya kuyasoma maisha yake, na mkifuatilia kwenye karatasi mtaona katikati pana habari ya ajali ya breki ambayo wengi wenu mnadhani mnaijua. Hamuijui. Nilichoandika pale nimeagizwa nikisome kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya mjane wake na mbele ya jeneza hili. Naomba mnivumilie mpaka tufike, maana siwezi kujisema mimi kabla sijamsema yeye.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza kati ya wanne, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni alikokuwa baba yetu mlinzi. Akiwa na miaka sita aliishusha saa ya ukutani, akaifungua yote mezani, akairudisha. Ilibaki skrubu moja mkononi, na saa ikatembea. Baba alimchapa kwa kuifungua, kisha jioni ile ile akamletea bisibisi. Mama alikuwa akisimulia kisa hiki mpaka anafariki, na kila mara alisema hajui mpaka leo ile skrubu ilikuwa ya nini.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, sekondari hadi 1978, na Januari 1979 akaingia chuo cha ufundi, idara ya magari. Baba alifariki mwezi Juni 1980 marehemu akiwa mwaka wa pili. Mimi nilikuwa na miaka minane. Walimu walimwambia apumzike mwaka mmoja, akakataa, akawa anasoma asubuhi na kuziba pancha mchana kwenye kibanda cha jirani. Sisi wadogo zake tulikula kwa mikono ile. Anayesema mimi nililelewa na kaka yangu hajakosea hata kidogo, na ndiyo maana maneno yanayokuja ni mazito kwangu.

Aliajiriwa mwaka 1982 katika karakana ya kampuni ya usafirishaji, na tarehe 2 Septemba 1991 akafungua gereji yake chini ya mabati kumi na mawili, ukuta mmoja na duka la mbao. Hakutaka malori, hakutaka magari ya wakubwa. Alitaka vigari vidogo vilivyochoka, vile ambavyo mafundi wengine wakiviona vinaingia getini wanajifanya wanaongea na simu. Niliwahi kumuuliza kwa nini anajitesa. Akanijibu, "Mwenye gari jipya likimfia atapanda la mwenzake. Mwenye kikweche ana hicho hicho. Sasa nikimwambia mimi nachagua, yeye aende wapi?"

Jina la Fundi Fungua, ambalo wengi wenu hamkujua kama si lake la kuzaliwa, lilitokana na ukali wake. Katika gereji ile kulikuwa na maneno mawili, na ole wako uyachanganye. "Nimecheki" maana yake umetazama kwa macho. "Nimefungua" maana yake umetoa nati, umeingiza mkono, umegusa. Ukimwambia mteja umefungua na wewe umecheki tu, unafungasha spana zako siku hiyo hiyo. Na ili pasiwe na maneno, alikuwa na chaki. Gurudumu likishafunguliwa na kufungwa, linachorwa alama kwenye tairi na aliyelifungua. Yeye alichora mstari mmoja. Mimi, niliyefanya kazi kwake miaka kumi na tisa, nilichora msalaba. Gari lililoletwa kwa kazi ya breki halikutoka getini bila alama nne.

Alifunga ndoa tarehe 9 Desemba 1989 na fundi mwenzake, ila wa cherehani. Walikutana alipompelekea suruali ya kazi yenye tundu la asidi ya betri. Shemeji aliitazama, akamwambia hii si suruali tena, hii ni kumbukumbu. Marehemu akaenda kutoboa nyingine ili apate sababu ya kurudi. Walijaliwa binti mmoja, ambaye leo ni mwalimu wa hesabu. Shemeji alishona sare za shule za nusu ya watoto wa mtaa huu, na vifungo vyake havikung'oka hata mtoto akivutwa na mwenzake kwa hasira.

Mwaka 2009, baada ya miaka yote hiyo ya kutengeneza ya watu, marehemu alinunua gari lake la kwanza na la mwisho: kigari cha milango mitano kilichokuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Nilikuwepo siku ya kukikagua. Alifika, na kabla ya kumsalimia mwenye gari akaweka kiganja juu ya boneti kuona kama injini imewashwa mapema ili ionekane inawaka vizuri. Ilikuwa ya moto. Akakaa kwenye ndoo akaisubiri ipoe, saa mbili na nusu, anaongea habari za mvua. Muuzaji, mwalimu mstaafu, akasema kwa upole, "Fundi, gari hili lilikuwa la mke wangu. Sokoni na nyumbani, sokoni na nyumbani." Marehemu akanyanyua kapeti la mbele, akatazama mchanga uliolala chini yake, akauliza, "Mwalimu, hilo soko liko jangwani?" Wakacheka wote wawili, na akalinunua hivyo hivyo, kwa sababu injini ilipopoa iliwaka mara ya kwanza. Shemeji aliliita mke mwenza. Kila asubuhi aliuliza, "Mwenzangu kaamkaje leo?" naye marehemu akampa ripoti: rejeta imetulia, giaboksi inanuna kidogo, oili nimembadilishia jana. Huo ulikuwa utani wao. Naomba muukumbuke hivyo, kwa sababu ulikoma.

Sasa tumefika.

Alhamisi tarehe 6 Agosti 2015 marehemu aliamkia kwenye gari la mteja lililokufa njiani. Kabla ya kuondoka aliniambia, "Kigari changu kinavuja mafuta ya breki mahali, sijaona wapi. Fungua magurudumu yote manne. Jumamosi nampeleka shemeji yako kuchukua vitambaa." Nikafungua la kwanza, la pili, la tatu. Yote yalikuwa mazima. Gurudumu la nyuma kushoto nati moja ilikuwa imeshikwa na kutu, spana inateleza. Ilikuwa saa tisa na nusu, na saa kumi kulikuwa na mpira ambao nilikuwa nimeahidiana na wenzangu kuutazama. Nikapiga magoti, nikachungulia kwa tochi kati ya matundu ya rimu. Sikuona unyevu. Nikachukua chaki, nikachora msalaba kwenye tairi.

Aliporudi aliuliza, "Umefungua?" Nikamwambia, "Nimefungua, kaka. Yote." Nikamwambia mafuta yalikuwa yanavuja kwenye kifuniko cha chupa yake, nimekikaza. Hakutazama tena. Miaka kumi na tisa hakuwahi kunitazamia kazi.

Kavujo kalikuwa ndani ya gurudumu lile. Kuna kampira kadogo kanakozuia mafuta yasitoke, kalikuwa kameoza. Jumamosi tarehe 8 Agosti, saa nne asubuhi, kwenye mteremko unaoshukia soko, pedali ilizama hadi chini. Breki zilizobaki zilishika upande mmoja, gari likavuta kushoto, likaenda na ukuta wa ghala. Marehemu hakupata hata mchubuko. Shemeji alikuwa amekaa kushoto. Mkono wake ulivunjika sehemu tatu, na vidole viwili havikurudi kukunjika mpaka leo hii anaponisikiliza.

Mimi nilifika gari limekwisha kuvutwa hadi gereji, na mkaguzi wa polisi anatarajiwa wakati wowote. Marehemu alikuwa amechuchumaa peke yake mbele ya gurudumu la nyuma kushoto. Ile nati ilikuwa na kutu yake nzima, haijaguswa na chuma. Juu ya tairi kulikuwa na msalaba wangu. Hakunipigia kelele. Laiti angenipigia.

"Unaona?" akaniuliza.

"Naona, kaka."

Alichovya kitambaa kwenye ndoo, akaufuta msalaba polepole mpaka tairi likawa jeusi tupu. Akasimama. "Nenda kanawe mikono, twende hospitali."

Na kule hospitali, nikiwa nimesimama nyuma yake, alimwambia mkewe, "Ni mimi. Lile la nyuma sikulifungua. Nilicheki tu." Mkaguzi naye aliambiwa hivyo hivyo.

Mimi nilinyamaza. Wiki tatu baadaye nilikuwa nafungua gereji yangu mwenyewe, bango limeshachorwa, na nilijiambia nitasema likishatulia. Halikutulia. Mtaani wakatunga mzaha: Fundi Fungua kafungua mkono wa mkewe. Wateja wakamkimbia, na mnajijua wengine mmekaa hapa, mkaja kwangu. Niliwapokea. Niliwatengenezea magari yenu kwa mafunzo yake na kusikia mkimteta, nami nikaendelea kukaza nati. Yeye alibaki na vigari vitatu vinne, na kile chake, ambacho alikinyoosha bodi kwa nyundo mwenyewe. Kuanzia siku ile alimlazimisha kila mteja ainame, atazame kila gurudumu likiwa wazi, ndipo yeye alifunge. Watu walidhani anatubu.

Kwa nini aliubeba mzigo wangu sijui. Nimejipa majibu mengi, yote ya kunipendeza mimi. Ninachojua ni kwamba miaka saba hakuwahi kunikumbusha, si kwa neno, si kwa jicho.

Moyo wake ulianza kusumbua Februari 2021. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Binti yake alimpeleka kliniki kwa kile kigari, na hata akiwa amelala kiti cha nyuma aliagiza, "Shusha gia, mama. Usiitegemee breki." Shemeji alifuata kwa basi. Hakuwahi kukipanda tena. Mwezi Oktoba mwaka huu alilazwa, na tarehe 29 nilibaki naye wodini peke yetu. Nikamuuliza, "Kaka, nimwambie shemeji?" Alifumba macho. Kisha akasema, "Mimi langu nilishasema. Lako liko kwako." Alifariki Alhamisi tarehe 3 Novemba 2022, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, mkono wake ukiwa ndani ya ule mkono wa mkewe wenye vidole visivyokunjika.

Juzi Jumamosi mchana tulikaa sebuleni kuandika karatasi hii. Nikamuuliza shemeji tuweke nini kuhusu kazi yake. Akasema, "Usiandike sana habari za ufundi. Watu watacheka." Hapo ndipo niliposhindwa. Nikaweka kalamu chini, nikamwambia yote, kuanzia nati hadi kitambaa.

Binti akainuka akaenda kusimama dirishani.

"Miaka saba?" shemeji akauliza.

"Miaka saba, shemeji."

"Nilikuwa namsema," akasema. "Kila nikishindwa kufunga kifungo, namsema. Asubuhi nikivaa namsema. Naye anakuja ananifungia, kifungo kimoja kimoja, hajibu." Akaitazama ile karatasi. "Na wewe unakuja Jumapili unakula kwangu."

Nikamuuliza kama nimpe mtu mwingine asome.

"Andika," akasema. "Yote. Na mimi uniandike, kwamba nilimsema bila kosa. Usome wewe, usimpe mtu. Waliocheka wakusikie. Na ukimaliza kusoma, usirudi kukaa safu ya mbele."

Nimeandika. Na ninyi mafundi, mkitoka hapa mkasimulie mitaani kwamba kaka yangu katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kumwambia mtu amefungua kitu ambacho hakukifungua. Uongo wake ulikuwa mmoja tu, ule wa hospitali, na aliusema ili nipone mimi.

Marehemu ameacha mjane, binti, wajukuu wawili, na wadogo watatu: dada zetu wawili, ambao hawakujua lolote, na mimi niliyejua. Kiti changu pale mbele kiko wazi. Mzee wa duka la mbao, jirani yake wa miaka thelathini, naomba ukikalie wewe. Mimi nitasimama huko nyuma mpaka tumalize kumzika.

Kaka, pumzika kwa amani. Mkono wa shemeji niliuvunja mimi.