Felisita Kazimili, Aliyewachorea Watoto Mstari Wao

Baba Paroko, wazee wetu, viongozi wa serikali na wa mashirika, majirani wa Nemba na wageni mliotoka Ngara, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Deodata, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu.

Felisita alizaliwa tarehe 14 Machi 1967 kijijini Nyamiaga, wilaya ya Ngara, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Kazimili na Mama Adelfina, akasoma shule ya msingi hapo hapo nyumbani kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, kisha sekondari hadi 1985, ambako hesabu aliipenda kuliko chakula, na mwaka 1987 akapata mafunzo ya ukarani wa takwimu mjini Mwanza. Mwaka 1988 aliajiriwa katika idara ya afya wilayani Ngara.

Tarehe 12 Oktoba 1991 alifunga ndoa takatifu na Ndugu Anatoli Nduwayo, mwenyeji wa hapa Nemba, na Mungu akawajalia watoto watatu, Happy, Ildefonsa na Kazimili, aliyepewa jina la babu yake.

Wakimbizi wa Rwanda walipovuka daraja la Rusumo mwishoni mwa Aprili 1994, dada aliazimwa na shirika moja kwenda kutunza takwimu za zahanati kambini, akamwacha Happy, aliyekuwa hajatimiza miaka miwili, kwa mama yetu, na kila Jumatatu alibandika ukutani mchoro wa wagonjwa wa kuhara na waliofariki, uliotazamwa na wakubwa kabla ya kugawa dawa na maji.

Februari 1995 mstari wa mchoro ule ulikuwa ukishuka vizuri na wakubwa walikuwa wakipongezana, lakini dada, ambaye ndiye aliyeandika majina, hakuridhika, akarudi kwenye madaftari ya zahanati, akawatoa watu wazima wote, akabaki na watoto wa chini ya miaka mitano, kisha kati yao akachagua waliofika kambini ndani ya mwezi ule tu, akawapanga bloku kwa bloku, kama kambi ilivyogawanywa, na mstari wao ulipokamilika kwa penseli nyekundu ulikuwa unapanda, na wote walitoka bloku tatu, watoto thelathini na mmoja kwa wiki moja.

Bwana Elick, aliyekuwa msimamizi wake, yupo hapa nasi, naye ametuomba tuyaseme haya bila kumficha. Alimwambia, "Dada Felisita, taarifa imeshakwenda na inasema ugonjwa unashuka, sasa unataka tuonekane waongo?" Dada akamjibu, "Mkuu, waliopona ni watu wazima, nao ni wengi, ndiyo maana watoto hawaonekani. Twende tukaone huko wanakoishi, nikikosea utanirudisha Ngara."

Walikwenda kwa miguu, na kwa kuwa Kihangaza chetu na Kirundi cha wageni wale waliotoka Burundi vinasikilizana, akina mama walimweleza wazi kwamba wageni wasio na kadi za usajili walifukuzwa kwenye foleni ya bomba, wakawa wanachota maji ya bondeni. Jioni ile ile Bwana Elick aliandika taarifa mpya kwa mkono wake, bloku zile zikawekewa tangi na bomba lisilouliza kadi, na kufikia mwisho wa Machi watoto wagonjwa walikuwa wanne kwa wiki. Tangu hapo aliagizwa kutengeneza ubao mmoja wenye michoro minne, wa watu wote, wa watoto, wa wajawazito na wa wageni, na chini ya kila mmoja aliandika nani wamehesabiwa na nani wameachwa.

Mwaka 2001 alihamia Biharamulo, akajifunza kuchuja takwimu kwa kompyuta, akawafundisha makarani kumi na wanane, wakiwemo wa Nyantakara, na hakumruhusu hata mmoja achore kabla hajasoma daftari lenyewe.

Novemba 2006 aligundulika kuwa na saratani ya titi, akatibiwa Mwanza, na Alhamisi tarehe 9 Agosti 2007, saa nne asubuhi, alifariki dunia mikononi mwa mumewe, akiwa na miaka arobaini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, wafanyakazi wenzake, majirani mliokesha nasi, na kwa namna ya pekee Mama Ntirampeba, aliyeomba kibali akatoka kambini Lukole kuja kumzika, akiwa na binti yake Ishimwe, ambaye Februari ile ya 1995 alikuwa na umri wa mwaka mmoja, mgonjwa, katika moja ya bloku zile tatu, na leo anasoma darasa la sita. Ishimwe, simama mwanangu, watu wakuone.

Dada Felisita, tunajivunia wewe. Lala kwa amani.